Siku Shikamoo Ilipopigwa Marufuku Redioni

Mwezi uliopita nilikwenda kupima presha. Binti wa mapokezi, mpole, kucha amezipaka rangi, akachapa jina langu kwenye kompyuta, kisha akakunja uso.

"Bibi, kwenye mfumo unaonekana ni mwanaume."

Nikamwambia, "Mwanangu, nimezaa watoto sita. Inua macho uniangalie."

Akaniangalia kweli, akacheka. "Naona bibi, lakini mfumo unakataa kubadilisha." Basi nikapimwa presha nikiwa mwanaume. Ilikuwa juu, na sababu naijua.

Ninyi vijana mnaofanya kazi na kompyuta na vishikwambi kwenye vituo vya afya, haya nawaandikia ninyi. Sitawaambia kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Zamani watu walikufa kwa kukosa tu mtu wa kupeleka habari, na ningekuwa mwehu kuyatamani hayo. Ninachotaka kuwafundisha ni ubishi. Kazi hii bila ubishi haifanyiki, na mimi niliuchelewa. Niliuchelewa, na mtoto akafa.

Jina langu Skolastika, wengi walizoea kuniita dada Skola. Miaka ya tisini nilikuwa mtu wa redio, na baadaye mtu wa redio na kompyuta, katika hospitali moja hapa Ifakara. Hospitali ilikuwa na redio ya upepo, na zahanati za bondeni, za upande huu na za ng'ambo ya mto, kila moja ilikuwa na yake, inatumia betri ya gari na paneli ya jua. Saa nne asubuhi na saa nane mchana niliita vituo kimoja kimoja. Nesi alinieleza ana wagonjwa gani, chanjo zimebaki ngapi, nani wa kuletwa hospitali. Niliandika kwenye daftari nikampelekea daktari. Simu za mkononi tulikuwa hatujaziona. Redio ikinyamaza, watu wa ng'ambo walikuwa wamekatika na dunia.

Aliyenifundisha ni Mzee Filbert, fundi wetu, Mpogoro wa Mahenge, mfupi, mkali, aliyezeekea kwenye simu za upepo. Siku ya kwanza nilipiga kelele redioni kana kwamba nataka wanisikie bila hiyo redio. Aliniacha nikamaliza, akauliza, "Umewaita Ifakara au umewaita Malinyi?" Kisha akanipa somo ambalo ningelishika vizuri lingeniokoa. "Redio inachelewa kuamka. Bonyeza kitufe, meza mate, ndipo useme. Ukisema papo hapo inakula mwanzo wa neno."

Mimi nilimeza mate. Lakini nesi mwenye mgonjwa anayelia mlangoni hamezi mate, anabonyeza na kusema. Kwa hiyo salamu zao zilifika kwangu nusu. Shikamoo ilifika "moo." Na mimi nikiwa na haraka, marahaba yangu ilifika kwao "haba." Ikawa ndiyo salamu yetu watu wa redio. Nesi akivuka na pantoni kuja kuchukua dawa, tukikutana sokoni ananipigia ukelele, "Moo!" nami najibu, "Haba!" Wauza mchele walituona tumechanganyikiwa.

Makosa yalikuwa mengi, mengine ya kuchekesha. Kituo kimoja redio yake ilikuwa inazimika kila siku saa tano. Mzee Filbert akavuka mto, akatembea kwenye matope nusu siku, akakuta mama mmoja ameanika perege juu ya paneli ya jua. Alipomgombeza, yule mama alijibu kwamba pale pana joto zuri na mbwa hawafiki. Mzee alirudi amekasirika, na furushi la perege kwapani. Na kuna sita na tisa. Kwenye redio yenye mikwaruzo, sita na tisa ni mapacha. Nilijifunza kumwambia nesi ahesabu kuanzia moja hadi afike kwenye namba anayoitaka. Inachukua muda, lakini hupeleki chupa sita za maji ya dripu mahali palipohitaji tisa.

Kompyuta ilipokuja tuliipokea kama askofu. Chumba chake kilikuwa na zulia, tulivua viatu mlangoni, na jioni niliifunika kwa kitenge changu kizuri kisa vumbi. Aliyekuja nayo alikuwa Mratibu wa mradi, kijana msomi kutoka Dar es Salaam, nadhifu, mchapakazi. Jina lake naliacha, maana hakuwa mtu mbaya, na kosa alilolifanya tulilifanya wote. Mpango wake ulikuwa mzuri. Ninachokisikia redioni nisiandike tena kwenye daftari, nichape moja kwa moja kwenye fomu ya kompyuta, yenye vyumba vya ndiyo na hapana, na daktari aione ofisini kwake kupitia waya. Redio za zahanati nazo zikabadilishwa. Mpya zilikuwa na akili: nesi akibonyeza kitufe, kabla sauti yake haijapita, redio inatuma kwanza namba ya kituo, ti-ti-ti, na jina la kituo linatokea lenyewe kwenye kioo changu.

Siku za mwanzo niliadhirika. Kompyuta ilihesabu saa kizungu. Nikaambiwa mgonjwa ameondoka Kiberege saa tatu asubuhi, nikachapa tatu. Alipofika saa tano nikakumbuka masharti, nikachapa kumi na moja. Daktari akatuma mtu kuniuliza kama huyo mgonjwa wa saa nane njiani alipitia Dar es Salaam kusalimia ndugu.

Ndipo ikaja ile amri. Mratibu alikaa nami asubuhi nzima akisikiliza vituo, saa yake mkononi. Mwisho akasema, "Dada Skola, hizi salamu zinakula betri za watu. Shikamoo, za huko, pantoni inatembea, mpunga umeota. Kituo cha mwisho kinapata zamu yake betri imeisha."

"Bwana Mratibu, dada Dominika wa ng'ambo ni mkubwa kwangu. Siwezi kumuanza hivi hivi bila shikamoo."

"Utamsalimia akija sokoni. Zamani mlitaja majina kila mkibonyeza, ili mjuane. Sasa kompyuta inajua ni nani anayesema. Haihitaji shikamoo."

Akabandika karatasi ukutani, na nakala zikapelekwa vituoni: hakuna salamu, hakuna jina, hakuna kurudia, ujumbe uanze na jibu. Mkinisoma leo na mdomo wangu huu mtadhani nilibisha. Sikubisha. Mimi ni wa darasa la saba, yeye ana digrii, na kompyuta ilikuwa mgeni mkubwa. Nilisema, "Sawa, Bwana Mratibu," na kesho yake manesi wakaanza kuongea kama watu waliogombana.

Maneno yakawa yanafika yamekatwa kichwa. "Tujapokea chanjo." Nikajua ni hatujapokea. "Ajajifungua." Nikajua ni hajajifungua. Nilijazia mwenyewe kichwani nikachapa hapana, na nikajiona hodari kwa hilo. Neno bovu linajitangaza, ukilisikia tu unajua limevunjika. Sikufikiri kwamba kuna neno ukilikata kichwa linabaki zima, linatembea, na linasema uongo.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika, mto umejaa lakini pantoni inafanya kazi. Saa nne nikaita kituo cha dada Dominika. Alikuwa nesi mkunga wa miaka mingi, peke yake katika zahanati ya kijiji ambacho sitakitaja, mbali na kivuko. Akaniambia ana mama wa uzazi wa kwanza, uchungu umemshika tangu juzi, njia haifunguki, aje hospitali upesi. Fomu ikaniuliza swali lake, nami nikamuuliza: je, mna usafiri wa kumfikisha kwenye pantoni? Maana mara nyingi kulikuwa na trekta la mkulima mmoja pale kijijini, likileta wagonjwa mpaka mtoni, na gari letu la wagonjwa linawapokea upande huu.

Nikasikia, wazi kabisa, bila mikwaruzo: "Tuna usafiri."

Nikachapa ndiyo. Daktari akaona ndiyo. Gari la wagonjwa, ambalo lilikuwa moja, likatumwa kwanza Kiberege kuchukua mtu aliyevunjika mguu, kwa kuwa yule mama wa ng'ambo angechukua saa kadhaa kufika mtoni. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwa mtu aliyeambiwa ndiyo.

Saa nane dada Dominika akaingia redioni, na safari hii hakufuata karatasi ya mtu. "Skola! Gari lenu liko wapi? Mama ananifia hapa!"

"Dada, gari lipi? Si mlisema mna usafiri?"

 Kisha akasema polepole, "Nilisema hatuna. Trekta ni bovu. Ndiyo maana nilingoja mje."

Gari likarudishwa mbiombio, likavushwa, likazama kwenye matope likasukumwa. Yule mama alifikishwa kwenye meza ya upasuaji jioni. Yeye alipona. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Sasa sikilizeni jinsi karatasi inavyoweza kumgeuka mtu. Mratibu alitoa chapa ya fomu ya siku ile: kituo fulani, saa fulani, usafiri, ndiyo. Ikaonekana dada Dominika alikuwa na trekta akaliachia, kisha akatunga uongo kujiokoa. Akasimamishwa kazi, akaitwa Ifakara kujieleza. Na mimi, rafiki yake, nilikuwa shahidi dhidi yake. Nilikuwa nimesikia tuna kwa masikio yangu mawili. Niliapa. Alipokuja kusubiri kikao, akafikia kwa dada yake hapa Katindiuka, jirani na shamba langu. Tulikutana njiani. Nikamwambia, "Shikamoo dada." Hakuitikia, akapita. Niliumia, lakini nilijiambia anaona aibu kwa uongo wake. Nawaambieni ukweli wote: nilimkasirikia.

Siku moja kabla ya kikao, Mzee Filbert alikuwa stoo anajaribu redio mpya mojawapo, mimi nikiwa chumbani kwangu. Nikamuuliza redioni kama ana waya wa antena wa akiba. Akajibu, "Tuna waya."

Nikamwambia, "Basi niletee."

"Tuna waya!"

"Nimesikia mzee, niletee huo waya."

Baada ya dakika moja akatokea mlangoni na viatu vyake vyenye tope, juu ya zulia, anahema. "Wewe binti masikio yameota nyasi? Nimekwambia mara mbili hatuna!"

Nilisimama. Nikamwambia rudi stoo, useme tena. Akanitazama usoni, akaenda. Tukarudia mara tano. Akisema hatuna papo hapo, inafika tuna. Akimeza mate kwanza, inafika hatuna. Ile ti-ti-ti ya kutuma namba ya kituo ilikuwa inakula mwanzo wa kila neno, na Kiswahili chetu kinaweka kukataa kwake kote mwanzoni. Hatuna, haina, hawapo. Toa ile ha, umebaki na tuna, ina, wapo. Kwa miaka yote shikamoo, au jina la mtu, ndiyo iliyokuwa inaliwa badala ya ile ha. Ilikuwa inatulindia maneno yetu bila sisi kujua, na tuliipiga marufuku. Nililia pale pale, na Mzee Filbert, ambaye sijawahi kumwona akimbembeleza mtu, akavua viatu akaketi nami.

Kesho yake kwenye kikao walikuwepo Mama Daktari, mkuu wa hospitali, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Mratibu na karatasi zake. Na dada Dominika kwenye kiti cha peke yake, amevaa gauni lake jeupe la kazi ambalo walikuwa wamemkataza kulivaa. Nikaitwa kutoa ushahidi. Nikasema, "Kabla sijasema, naomba Bwana Mratibu aende stoo. Kuna redio pale. Abonyeze aseme: hatuna usafiri. Asimsalimie mtu, aanze na jibu, kama alivyotuagiza."

Mratibu akasema hiki ni kikao, si mchezo. Nikamjibu kwamba mtu anafukuzwa kazi, na mimi sitoi ushahidi mpaka aende.  Mama Daktari akanitazama, akamtazama yeye. "Nenda, baba."

Tukasubiri. Kipaza sauti kikalia ti-ti-ti, ikaja sauti ya Mratibu, nzuri, ya kisomi: "Tuna usafiri." Akangoja. "Tuna usafiri. Tuna usafiri." Alikuwa mtu makini, alisema mara tatu. Aliporudi akauliza, "Mmesikia?"

Mama Daktari akamwambia, "Tumesikia una usafiri."

Dada Dominika alifunika uso kwa mikono miwili. Hakulia kwa sauti. Mabega tu.

Mratibu, nimpe haki yake, alielewa kabla ya wengine.  Lakini baadaye kidogo usomi ulimrudia, akavuta kalamu. "Basi tuandike kwamba ilikuwa hitilafu ya mtambo. Tufunge suala hili, nesi arudi kazini, kila mtu salama."

Hapo ndipo nilipojifunza kubisha. Nikasema, "Hapana."

"Dada Skola, nakusaidia na wewe."

"Sitaki msaada huo. Mtambo haukuharibika, ulifanya tulichouagiza. Amri ilikuwa yako, sikio lilikuwa langu. Maneno yalikuwa yanakuja yamekatwa kichwa wiki nzima, nikawa najazia na kujisifu. Mtu mwenye uchungu wa siku mbili, nikaambiwa usafiri upo, sikuuliza hata usafiri gani. Andika hivyo. Andika na jina langu."

Mama Daktari akasema, "Skolastika, unajua kikishaandikwa hakifutiki?"

"Kiandikwe, Mama. Dada huyu ameitwa mwongo kwa maandishi. Asisafishwe kwa kunong'ona."

Kikaandikwa. Nilipewa barua ya onyo kali, ninayo mpaka leo, na dada Dominika akarudishiwa kituo chake. Karatasi ya ukutani ikabanduliwa, salamu zikarudi. Mnaweza kudhani nilijiona shujaa. Nilijiona hivyo kwa siku tatu hivi.

Siku ya nne nikavuka mto. Nilikuwa nimemwambia dada Dominika kwamba lazima nikamwone yule mama, nimwambie mwenyewe kilichotokea, asije akasikia mitaani. Dada hakunisemesha njiani ila mambo ya matope. Tulimkuta amekaa kwenye jamvi nje ya nyumba ya mama yake, msichana mdogo kuliko nilivyomfikiria, anapeta mchele. Anaitwa Paskalina. Nilipiga magoti nikamsimulia yote: namba ya kituo, kitufe, ile ha iliyoliwa. Alisikiliza bila kuacha kupeta.

Nilipomaliza akasema, "Mimi niliisikia."

Sikumwelewa.

"Redio si iko chumba cha pili na mlango uko wazi. Nilikuwa kitandani. Nesi alisema hatuna usafiri. Niliisikia. Halafu nikakusikia wewe ukisema sawa, nimekupata." Akaweka ungo chini. "Nikajiuliza, huyu dada anasema sawa, hasemi gari linakuja, sawa ya nini? Nilitaka kupiga kelele, lakini nikaona si mahali pangu, wakubwa wanazungumza."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwani ungeniuliza mimi, ningekwambia."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana mpaka leo hainitoki. Kulikuwa na redio mbili, kompyuta, waya mpaka kwa daktari, nesi hodari na mimi niliyejiona hodari, na katika mpango wote ule hakuna aliyemuuliza mwenye uchungu. Yeye alikuwa anajua. Alikuwa hatua sita kutoka kwenye kipaza sauti.

Nilirudi kazini, lakini sikuifanya tena kama zamani. Kuanzia wiki iliyofuata sikufunga fomu ya mgonjwa yeyote wa kuletwa hospitali kabla ya kuongea na mgonjwa mwenyewe, au kama hawezi, na ndugu yake. Fomu haikuwa na chumba cha maneno yao, nikawa nayachapa kwenye chumba cha jina la dawa. Mratibu alisema naharibu takwimu. Wengine wakasema namaliza betri, nachelewesha vituo, najifanya daktari. Zilikuja barua tatu nyingine za onyo kwa miaka ile. Kila moja niliisoma mpaka mwisho, nikaisaini kwamba nimeipokea, nikarudi kwenye redio, nikabonyeza kitufe, nikameza mate, nikasema:

"Nesi, ahsante, nimekupata. Sasa nipe mwenyewe."